Cherehani ya Bibi na Mlango wa Kahawia

Pilika alikunywa chai yake amesimama. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya kiatu, wa pili ulikuwa ukitafuta kiatu chini ya meza, na mkono usioshika kikombe ulikuwa ukifunga vifungo vya shati la shule. Kifungo cha kwanza kiliingia kwenye tundu la pili, kwa hiyo shati zima likaenda upande.

"Kaa chini unywe chai, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Chai haina miguu, haitakukimbia."

"Nimekaa, Bibi."

"Umekaa wapi? Mimi naona mlingoti wa bendera."

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Pilika kwa sababu ya pilikapilika zake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliweza kuanza kufagia ua, akauacha ufagio katikati na kwenda kuteka maji. Kabla ndoo haijajaa, alikuwa ameshatoka kuangalia ni nani anayepita barabarani. Aliishi na bibi yake, fundi wa kushona, tangu mama yake alipopata kazi katika mji wa mbali. Kila asubuhi Bibi alimfungua vifungo na kumfunga upya. Hakumgombeza. Alifanya hivyo kama mtu anayefungua dirisha kunapokucha.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi nyumba ilikuwa kimya kupita kawaida. Kwa miaka mingi majirani walikuwa wakiamshwa na mlio wa cherehani ya Bibi pale dirishani. Sasa magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba, na daktari wa zahanati alikuwa amemwambia aache kabisa kukanyaga kanyagio.

"Nimeamua," alisema Bibi, huku akifunga kifungo cha mwisho. "Jumamosi asubuhi mwenye mkokoteni atakuja. Cherehani itaondoka."

"Unaiuza?"

"Nitauzaje kitu nisichokinunua?" Bibi aliupitisha mkono juu ya ubao wa cherehani, mahali palipong'aa kwa kuguswa. "Babu yako alipofariki, mama yako alikuwa bado mgongoni. Sikuwa na kazi. Ndugu za mume wangu walichukua mpaka kitanda. Fundi mmoja mzee, wala hatukuwa ndugu, akaniita kwake. Akanifundisha miezi sita. Siku ya mwisho akaniambia, 'Ichukue. Siku utakayochoka, mpe mwanamke mwingine aliyekwama. Hiyo ndiyo bei yake.' Sasa nimechoka, Pilika. Siku ya kulipa imefika."

"Utampa nani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Nikimpa mmoja, itamfaa mmoja. Nikiwapa watu wanaowasaidia wanawake wengi, itawafaa wengi, kama kweli wanawasaidia. Nimesikia habari za sehemu mbili. Mimi magoti yangu hayafiki, kwa hiyo wewe ndiye miguu yangu. Nenda kote kuwili. Ukifika, kaa mpaka kiti kipate joto. Uliza ni nani atakayeshona, atashona nini, na mwanamke akiondoka pale anakwenda wapi. Utakachoniambia ndicho nitakachokifuata."

Pilika alijiona amerefuka ghafla. Yeye ndiye wa kuchagua! Alichukua mkoba, akafika mlangoni.

"Sehemu ya kwanza ni lile Jumba la Kijani mkabala na posta," Bibi aliendelea. "Ya pili ni nyumba ya mkunga mstaafu, nyuma ya duka la mikate, mlango wa kahawia. Nesi wa zahanati ndiye aliyenielekeza. Ila huko usiende moja kwa moja, inabidi kwanza upitie..."

"Nimesikia, Bibi!"

Lango la uani likajibamiza. Maneno yaliyobaki Bibi aliyamalizia mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiliambia lango.

Shuleni Pilika alimweleza rafiki yake, msichana waliyemwita Karani kwa sababu aliandika kila kitu, hata idadi ya mbuzi waliopita uwanjani.

"Kazi kubwa hiyo," alisema Karani, akilamba ncha ya penseli yake iliyobaki fupi kama kidole gumba. "Lazima tuwape mtihani."

"Mtihani gani?"

"Kama sisi tunavyopewa. Kibao cha nje, alama kumi. Usafi, kumi. Viti, kumi. Ukaribisho, kumi. Atakayepata nyingi ndiye amefaulu. Kwisha."

Pilika alipenda sana neno hilo "kwisha". Saa kumi na moja jioni timu yao ya netiboli ilikuwa na mechi dhidi ya mtaa wa pili. Akitoka shule saa tisa na kukimbia, angeweza kwenda kote kuwili na kuwahi filimbi. Saa nane na nusu alikuwa ameshavaa soksi zake nyekundu za mchezo chini ya dawati.

Jumba la Kijani lilikuwa na kibao kikubwa na maua pande zote mbili za njia. Katibu wa pale, mama mmoja mwenye miwani, aliwapokea kama wageni wakubwa. Aliwapa maji baridi. Alipoiona penseli ya Karani, alifungua droo kimyakimya akampa nyingine mpya, kisha akaendelea na mazungumzo kana kwamba hakufanya kitu.

"Na huku ni chumba cha kushonea," alisema, akafungua mlango. Ndani kulikuwa na cherehani nne, zote zimefunikwa vitambaa. Vitambaa vilikuwa na vumbi. "Mwalimu wetu alihama mwanzoni mwa mwaka. Tangu hapo, kusema kweli, tuna shida ya..."

Mbali uwanjani mtu alipuliza filimbi ya majaribio. Goti la Pilika likaanza kucheza peke yake.

"Bibi yangu ana cherehani," alidakia. "Anaitoa bure, Jumamosi."

Katibu alizitazama zile cherehani nne. "Zawadi haikataliwi, mwanangu. Mwambie tunamshukuru sana."

Pilika alikuwa ameshasimama. Nje, Karani aliandika: thelathini na nane kati ya arobaini. Mbili alizipunguza kwa ajili ya vumbi.

Njiani Karani ilibidi aende nyumbani. Ilikuwa zamu yake ya kumlea mdogo wake. Pilika alichukua daftari, akazunguka nyuma ya duka la mikate peke yake. Uchochoro ulinukia mkate wa moto. Mwisho wake kulikuwa na mlango wa kahawia uliobanduka rangi. Hapakuwa na kibao wala maua.

"Hodi!" aliita, na hakusubiri. Aligonga kwa ngumi, kama mtu anayepigilia misumari. Ndani kitu kikaanguka. Pazia likatikisika. Mtoto alianza kulia, sauti yake ikakatika ghafla kama imezibwa kwa kiganja.

"Hodi jamani! Si mmo ndani? Nawasikia!"

Aligonga tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Akahesabu mpaka kumi, ingawa kutoka nne aliruka hadi saba. Filimbi ikalia uwanjani, safari hii ndefu. Pilika alifungua daftari juu ya goti lake. Kibao, sifuri. Usafi, haijulikani. Viti, haijulikani. Ukaribisho, aliandika sifuri kubwa, akaipigia mstari. Kisha soksi nyekundu zikapotea mwisho wa uchochoro.

Walishinda mechi. Alirudi nyumbani akirukaruka, na alimkuta Bibi amekaa kando ya cherehani akishona kwa mkono kifuniko kipya cha kuisafirishia.

"Miguu yangu imerudi," alisema Bibi. "Haya, niambie."

Pilika alieleza habari za Jumba la Kijani bila kupumua. Maua, maji baridi, penseli, kibao.

"Na kwa mkunga? Ulikaa?"

Swali lilikuja taratibu, na jibu likatoka haraka. "Nilikaa."

"Wakasemaje?"

"Wamesema... wamesema hawahitaji cherehani, Bibi. Wanazo."

"Ulikaa kwenye kiti gani?"

"Kiti tu, Bibi."

Bibi alimtazama juu ya miwani yake. Pilika aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa. "Haya," alisema Bibi mwishowe, akakata uzi kwa meno. "Basi itakwenda Jumba la Kijani. Mimi nimekuamini."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyomkosesha Pilika raha. Ijumaa darasani hakuweza kutulia hata kidogo. Alikaa juu ya mguu wa kushoto, akahamia wa kulia, akachonga penseli mpaka ikakatika.

"Wewe Pilika," mwalimu alisema, "kiti chako kina siafu?"

Darasa likacheka. Siku nyingine naye angecheka. Siku hiyo alihisi kana kwamba siafu wamo kweli, ila hawako kwenye kiti.

Mchana alipofika nyumbani, Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani kupumzisha magoti. Langoni palisimama Mama Mkate, mwenye duka la mikate, ambaye kila siku alipita mtaani na sinia kichwani.

"Shikamoo, Mama Mkate."

"Marahaba." Alimpa mkate wa Bibi, lakini hakuondoka. Alishusha sinia. "Hebu niambie, binti. Jana jioni ulikuwa umevaa hizi soksi nyekundu?"

Pilika alizitazama. "Ndiyo."

"Ni wewe uliyegonga ule mlango wa nyuma?"

"Nilipiga hodi. Hawakunifungulia. Walikuwamo ndani, nilisikia mtoto analia, wakanyamaza tu kama hawanisikii."

Mama Mkate alitazama huku na huku, akasogea karibu. "Hawafungui kwa hodi, mwanangu. Wanawake walio mle ndani wamekimbia kupigwa. Kuna wanaotafutwa mpaka leo. Mwezi uliopita mwanamume mmoja alikuja akaugonga mlango ule hivyohivyo, kwa ngumi. Jana ulipogonga wewe, mama mmoja alijibana chini ya kitanda na mtoto wake, akamziba mdomo. Alitoka huko jua limezama, na mimi ndiye niliyemtoa."

Pilika alibaki na mkate mkononi. Aliikumbuka ile sifuri aliyoipigia mstari.

"Sasa mgeni wa heri anaingiaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anapitia kwangu dukani. Anasema yeye ni nani na anataka nini. Mimi nampelekea mkunga habari pamoja na mkate wa saa kumi. Wakikubali, namsindikiza. Nesi huwaambia watu hivyo. Bibi yako hakukwambia?"

Pilika alikumbuka lango likijibamiza, na neno "upitie" likibaki nyuma yake. "Alikuwa ananiambia," alisema. "Mimi ndiye sikuwepo."

Kisha akaomba kwenda. Mama Mkate alimpima kwa macho.

"Bibi yako ndiye aliyemshonea mwanangu sare mwaka ule mume wangu alipougua," alisema. "Alisema nimlipe nikipata, na hakuniuliza tena. Kwa ajili yake nitawapelekea jina lako. Lakini utakaa dukani ungoje. Wakikataa, utarudi zako bila neno. Unaweza kungoja?"

"Naweza."

Haikuwa rahisi. Pilika alikaa juu ya gunia la unga akatazama tanuri. Aliinuka mara tatu, na mara tatu akakaa mwenyewe bila kuambiwa. Aliwaza, je, mwenye mkokoteni si atakuja kesho asubuhi? Je, wakikataa kuniona? Je, Bibi akiamka? Miguu yake ilitaka kukimbia kila upande kwa wakati mmoja. Aliishika kwa mikono, goti moja kila kiganja, kama mtu anayeshika mbuzi wawili.

Hatimaye Mama Mkate alirudi na sinia tupu. "Njoo."

Aligonga mlango wa kahawia kwa kucha mbili tu, polepole, akasema, "Mkate." Kitasa kikageuka.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Wanawake watano walikuwa wamekaa karibu na dirisha la juu, wakishona kwa mkono. Vitambaa vyao vilikuwa magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka yakawa meupe. Mkasi ulikuwa mmoja. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, na aliyeungoja alitunga uzi wa jirani yake ili asikae bure. Mkunga, mama mfupi mwenye viganja vipana, alimwonyesha Pilika mahali pa kukaa.

"Ulikuja jana na haraka," alisema. "Leo umekuja na nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuuliza."

Mwanamke kijana aliyekuwa amempakata mtoto mwenye kofia ya bluu aliinua uso. "Ni wewe uliyegonga?"

"Ni mimi. Nisamehe, mama. Sikujua."

"Nilidhani ni yeye," alisema yule mwanamke. Hakusema yeye ni nani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Pilika hakuuliza. Mtoto alinyoosha mkono akaivuta soksi yake, na mama yake, baada ya kusita kidogo, akatabasamu. "Amependa rangi," alisema. "Basi yamekwisha."

Pilika aliuliza maswali yote matatu ya Bibi. Ni nani atakayeshona? Wote watano, kwa zamu, na watakaokuja baada yao. Watashona nini? Sasa hivi walishona aproni za duka la mikate, lakini hospitali ilikuwa imeomba mashuka, na kwa mkono shuka moja lilichukua siku nzima. Mwanamke akiondoka anakwenda wapi?

"Hapa ndipo shida ilipo," alijibu mkunga. "Wengine wamepata vyumba na wanajitegemea. Lakini mwaka huu wawili walirudi kulekule walikopigwa, kwa sababu hawakuwa na kazi ya kuwalisha. Mtu hawezi kukaa hapa milele. Akitoka bila kazi mikononi, njia anayoijua ni ile ya zamani." Alimtazama Pilika. "Kwa nini unauliza hivi, mwanangu?"

"Bibi yangu anatoa cherehani. Alinituma jana nije nikae hapa, nisikilize. Sikukaa. Nikamwambia mmesema hamhitaji."

Sindano zote tano zilisimama. Hakuna aliyemfokea. Mkunga alikunja aproni aliyokuwa nayo mkononi, akaikunja tena.

"Basi kazi iliyobaki si yangu," alisema.

"Ni ya nani?"

"Ni ya mdomo uliosema."

Pilika alitembea uchochoroni bila kelele, lakini alipofika barabarani alikimbia. Hata kabla ya kona ya nyumbani alisikia sauti za watu. Mkokoteni ulikuwa mlangoni. Cherehani ilikuwa juu yake, imevikwa kifuniko kipya na kufungwa kamba. Majirani walikuwa wamesimama kuiaga, na Karani alikuwamo, daftari lake mkononi. Bibi alisimama kizingitini, ameshika mlango kwa ajili ya magoti yake.

"Si ulisema kesho!" Pilika alimwambia mwenye mkokoteni, akihema.

"Kesho nina mzigo wa mbao. Bibi kakubali leo. Sogea basi, mkokoteni huu haujui kungoja."

"Usiende! Tafadhali, usiende!"

"Binti, nimefunga mafundo saba hapa. Saba!"

Pilika alimgeukia Bibi. Majirani wote walikuwa wakitazama. Miguu yake, iliyozoea kukimbilia kila kitu, sasa ilitaka kukikimbia kitu hiki kimoja. Aliikaza palepale.

"Bibi, nilidanganya," alisema. "Kwa mkunga sikukaa. Niligonga wakachelewa kufungua, nikaondoka kuwahi mechi. Hawakusema kwamba hawahitaji. Niliyatunga mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema "Lo!" Bibi alimwita kwa kidole. Pilika alisogea, akamnong'oneza Bibi mambo yaliyobaki: kuhusu mlango, kuhusu kitanda, kuhusu mtoto mwenye kofia ya bluu, kuhusu wale wawili waliorudi. Kosa lake alilisema kwa sauti. Siri ya watu aliisema sikioni.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulikaa kwenye kiti gani?"

"Si kiti, Bibi. Ni debe la mafuta limegeuzwa, limewekwa mto wa gunia. Mto una kiraka cha bluu. Nilipoinuka ulikuwa na joto."

Uso wa Bibi ukalegea. "Leo umekaa," alisema. "Aliyekaa mahali hashindwi kukieleza kiti. Jana ulinijibu 'kiti tu', nikajua kuna jambo. Nilisema nakuamini, nikangoja imani hiyo ikuwashe."

"Imeniwasha, Bibi. Siku nzima."

"Sasa niambie ukweli mwingine. Kule Jumba la Kijani, cherehani uliziona?"

"Nne. Zimefunikwa, na vitambaa vina vumbi. Katibu alitaka kuniambia shida yao, nikamkatiza. Mwalimu wao alihama."

"Basi hawana njaa ya cherehani. Wana njaa ya mtu." Bibi aliyatazama magoti yake, halafu mikono yake, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. "Kufundisha hakuhitaji kanyagio," alisema polepole. "Jumatatu utanibebea kigoda, mke mwenzangu. Tutakwenda huko hatua kwa hatua, nikawafundishe. Na tukifika, wewe mwenyewe utamwomba radhi katibu kwa kumwahidi kitu ambacho hakikuwa chako."

Kisha akamwambia mwenye mkokoteni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, mzigo upeleke duka la mikate. Wataupokea ghalani, kwenye unga."

"Duka la mikate?" Mwenye mkokoteni alishangaa. "Siku hizi mikate inashonwa?"

Watu walicheka, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mkokoteni ukaondoka, na kutoka ghalani Mama Mkate aliifikisha cherehani kimyakimya nyuma ya mlango wa kahawia.

Majirani walipotawanyika, Bibi alikaa kizingitini kati ya wasichana wawili. Karani alilifungua daftari lake penye ule mtihani. Kisha akaichana karatasi iliyotaja mahali ulipo mlango wa kahawia, akampa Bibi, na Bibi akamtuma Pilika aitie kwenye moto wa jikoni.

"Msinune," Bibi aliwaambia. "Kuandika si kosa. Kosa ni kusahihisha mtihani kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Mlimpa alama mwenye kibao na maua, naye ni mtu mwema, sikatai. Lakini ukitaka kumsaidia mtu, usiangalie anavyokupokea wewe. Angalia anavyompokea aliyekwama. Mlango mwingine umefungwa kwa sababu ndani kuna mtu anayelindwa. Huwezi kulijua hilo kama huna subira ya kungoja. Na wewe, Pilika, haraka yako nimeizoea, nitaendelea kukufunga vifungo. Lakini ukiharakisha ukakosa, rudi useme umekosa. Uongo mmoja ulitaka kuwanyima watu watano njia ya kutoka kwenye kipigo. Ukweli mmoja umewarudishia, ingawa umekutoa jasho."

"Nitaadhibiwa, Bibi?"

"Kila Jumamosi utawapelekea nyuzi na vitambaa vilivyobaki. Saa ileile ya netiboli."

"Sawa, Bibi," alijibu Pilika.

Jumamosi ya wiki iliyofuata alipita dukani kwanza. Alisema yeye ni nani na amebeba nini, akangoja juu ya gunia la unga mpaka aliporuhusiwa. Mama Mkate alikuwa na wateja, akamwambia aende peke yake. Uchochoroni alisikia mlio anaoufahamu tangu utotoni, wa chini, kama mtu anayetembea haraka ndani ya nyumba bila kufika mahali. Aligonga kwa kucha mbili. "Mkate," alisema.

Mlio ukasimama. Hakuna aliyefungua. Mbali uwanjani filimbi ikalia, ndefu. Pilika aliweka miguu yake pamoja na kuhesabu, na safari hii hakuruka namba. Alifika ishirini. Alifika hamsini. Shati lake lilikuwa limeenda upande kama kawaida, lakini miguu haikusogea.

Kutoka nyuma ya pazia macho mawili yalikuwa yakimtazama.

"Huyu anayejua kungoja hivi," sauti ya mkunga iliuliza ndani kwa utani, "ni mtoto wa nani?"

Na mlango ukafunguliwa.